Siku ya kwanza Huế: mji kwanza, vivutio baadaye

Mimi na mume wangu tuna kanuni moja ya safari: siku ya kwanza katika mji mgeni hatukati tiketi ya kivutio chochote. Hata mji uwe na kasri, makaburi ya wafalme au jengo linalosifiwa dunia nzima, siku hiyo vitatungoja. Siku ya kwanza ni ya kujua mji wenyewe unakwendaje: watu wanakula wapi, barabara inavukwaje, pesa inahesabiwaje, maduka yanafungwa saa ngapi. Nataka kuieleza kanuni hiyo kupitia mji wa Huế, katikati ya Vietnam, kwa sababu huko ndiko ilikotufaa zaidi, na kwa sababu najua wako wanandoa wengi wa kwetu wanaotamani kusafiri namna hii, begi mgongoni na bajeti ndogo, ila hawajui waanzie wapi.

Mambo ya karatasi niyaseme upesi. Tangu Agosti 2023 Vietnam inatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, nasi Watanzania tumo. Unaiomba kwenye simu, ada ni dola 25 za Marekani kwa kuingia mara moja, na unaweza kupewa hadi siku 90. Kinachouma ni nauli ya ndege. Ukishatua, chakula, usafiri na malazi ni nafuu kiasi kwamba watu wa kipato cha kawaida kama sisi wanaweza kukaa bila kuhesabu kila senti.

Sisi ni wa Mtwara. Mume wangu, Baba Nasra, anafundisha historia sekondari. Mimi ninauza vitenge na nguo za watoto. Nasra tulimwacha kwa bibi yake, mama yangu mzazi, ambaye mpaka tunapanda ndege alikuwa akiuliza Vietnam tunamfuata nani. Hatukuwa na mtu wa kumfuata. Baba Nasra amefundisha habari za vita vya Vietnam kwa miaka mingi kutoka kwenye kitabu, na alitaka kuikanyaga ile ardhi kwa miguu yake. Mimi nilitaka kwenda naye.

Kutoka Hanoi hadi Huế kwa reli ni kilomita 688. Tulichagua treni ya usiku kwa sababu kitanda cha treni kinakupunguzia gharama ya chumba cha usiku huo, na kwa sababu inakufikisha asubuhi. Kufika mji mgeni asubuhi ni neema. Ukifika usiku unakubali bei yoyote unayotajiwa, maana giza linakusukuma na begi linakusukuma. Ukifika asubuhi unaweza kukaa kwenye benchi ukafikiri. Ilikuwa Aprili, kabla kidogo ya tarehe 30, sikukuu ya kitaifa ya kukumbuka mwisho wa vita mwaka 1975, na treni zilikuwa zimeanza kujaa. Anayesafiri majira hayo akate tiketi mapema.

Tulilala kwenye chumba cha vitanda sita, vitatu kila upande, pamoja na familia za Kivietinamu. Mwisho wa behewa kuna bomba la maji ya moto, na pale hapakosi mtu: huyu anajaza kopo la tambi, yule anakoroga kahawa, mama mwenye mtoto mchanga anatengeneza maziwa. Bibi wa kitanda cha chini yetu alituonyesha kwa ishara jinsi ya kufunga kamba za mabegi kwenye nguzo ya kitanda, kisha akatupa ndizi. Hatukuwa na lugha moja ya kuzungumza, lakini tulipokezana vyakula hadi taa zilipozimwa.

Reli ile inakwenda kilomita 1,726 kutoka Hanoi mpaka Saigon. Ilikamilika mwaka 1936 wakati wa Wafaransa, vita vikaikatakata, na treni zikaanza tena kupita kutoka mwisho hadi mwisho mwaka 1976, nchi ilipokwisha kuungana. Upana wake ni mita moja, sawasawa na reli yetu ya kati ya zamani, na yeyote aliyewahi kulala kwenye treni ya Kigoma atautambua ule mtikisiko. Asubuhi, jua likiwa limeshapanda, Baba Nasra aliniamsha akiwa ameshika simu yenye ramani. Tulikuwa tunakaribia mto Bến Hải, mahali nchi ilipokatwa vipande viwili baada ya makubaliano ya Geneva ya mwaka 1954. Si mto mpana. Pande zote mbili ni mashamba ya mpunga, ule ulioanza kugeuka rangi ukingoja kuvunwa, na makaburi yaliyojengewa katikati ya mashamba. Daraja lilipita kwa muda mfupi. Mume wangu alibaki dirishani mpaka stesheni iliyofuata, nami nikamwacha.

Stesheni ya Huế ni jengo la kizamani lililopakwa rangi ya waridi, ng'ambo ya kusini ya Mto Hương, ule ambao wageni wanauita Mto wa Manukato. Tuliteremka kabla ya saa tano. Nje ya lango wapo madereva wa teksi, wa pikipiki na wa xích lô, ile baiskeli ya magurudumu matatu ambayo abiria hukaa mbele na dereva hupiga pedali nyuma. Wote wanakuita kwa pamoja. Hapo tuna desturi ambayo ninaisisitiza kwa kila anayeniuliza: hatujibu bei yoyote langoni. Tunawasalimu kwa adabu, tunapita, tunatafuta kivuli, tunatua mabegi, tunakunywa maji, mmoja anakwenda msalani huku mwingine akilinda mizigo, ndipo tunafungua ramani. Inachukua dakika chache tu, na ukishatulia, bei ya haki unaiona mwenyewe, kwa sababu programu za teksi za simu zinakuonyesha nauli kabla hujapanda.

Tuliamua kutembea. Barabara ya Lê Lợi inaanzia karibu na stesheni na kufuata mto mpaka kwenye daraja la Trường Tiền, kama kilomita mbili, karibu yote ikiwa na miti. Mabegi yetu si mazito; kila mtu anabeba anachoweza kupanda nacho ngazi za orofa ya tano bila kusimama. Njiani tulipita mbele ya Quốc Học, shule ya sekondari yenye lango jekundu iliyoanzishwa mwaka 1896. Hồ Chí Minh alisoma pale alipokuwa kijana, na Võ Nguyên Giáp, jenerali aliyewashinda Wafaransa huko Điện Biên Phủ mwaka 1954, naye alisoma pale. Wanafunzi walikuwa mapumziko. Wasichana kadhaa walikuwa wamevaa áo dài nyeupe, gauni refu lenye mpasuo na suruali ndani. Walitupungia mikono, tukawapungia. Mwalimu wangu wa historia akasimama mbele ya lango lile muda mrefu kuliko ningetarajia kwa mtu aliyekesha kwenye treni.

Nyumba yetu ya wageni ilikuwa ndani ya kichochoro. Anwani za Huế zenye neno kiệt maana yake ni kwamba mlango hauko barabarani. Hanoi utaona ngõ na Saigon utaona hẻm, na namba huandikwa kwa mkwaju (/), ya kwanza ya kichochoro na ya pili ya nyumba. Ukilijua hilo hutazunguka na begi juani ukitafuta namba isiyokuwepo. Mapokezi walichukua pasipoti zetu kutuandikisha, kwa kuwa sheria inawataka kuwaarifu polisi juu ya kila mgeni anayelala. Hilo ni jambo la kawaida nchi nzima, lisimtie mtu hofu. Sisi tunabaki na nakala, na pasipoti zenyewe tunazichukua tena mara baada ya uandikishaji. Chumba kingekuwa tayari saa nane mchana.

Hapa ndipo wanandoa wengi wanapokorofishana, na ninaomba nilizungumze hili kwa kirefu kidogo. Mnapofika, kila mmoja amekuja na siku yake kichwani. Baba Nasra aliona saa tatu za bure, akasema, “Mama Nasra, tukodi pikipiki twende kaburi la Minh Mạng, tutarudi chumba kiko tayari.” Lile kaburi la mfalme liko kama kilomita kumi na mbili nje ya mji. Mimi mgongo ulikuwa unauma kwa ajili ya kitanda cha treni na nilikuwa sijala chochote cha maana tangu jana jioni. Sisi tulishakubaliana tangu nyumbani, kabla ya safari, kwamba aliyechoka zaidi ndiye anayeamua, na kwamba mwenzake hatanuna. Anayetaka kwenda ana kesho. Aliyechoka hana nguvu za kukopa. Nilimwambia, “Leo mimi ndiye nimechoka.” Akasema sawa, akachukua chupa ya maji, akauliza tunakula wapi. Hakurudia tena habari za kaburi mpaka usiku. Nimesafiri na watu wengine, ndugu hata marafiki wa karibu, na ninajua thamani ya mtu anayeweza kukubali hivyo bila kinyongo.

Vilevile tunagawana mizigo isiyoonekana. Mmoja anashika pesa za siku, mwingine anashika nyaraka na simu yenye ramani, na kesho tunabadilishana. Siku ile pesa zilikuwa kwangu. Pesa za Vietnam zina sifuri nyingi, na wauzaji huzikata wanapotaja bei: akikuambia hamsini, anamaanisha elfu hamsini. Noti ya 20,000 na ya 500,000 zote zina ubuluu, na kwenye mwanga hafifu wa kibanda cha jioni zinafanana. Mimi huziweka 500,000 mfuko wa ndani, peke yake, na sizitoi sokoni kabisa. Noti ya 50,000 ina picha ya mahali palepale Huế, kwenye ukingo wa mto, nitaifikia.

Chakula kwetu si jambo dogo, kwa kuwa sisi ni Waislamu na Vietnam wanakula sana nguruwe. Bún bò Huế, supu ya tambi yenye mchaichai na pilipili ambayo kila mtu anaisifu, mara nyingi ina nyama ya ng'ombe pamoja na mguu wa nguruwe na damu iliyogandishwa. Hata baadhi ya vyakula vinavyoonekana kuwa vya dagaa au kombe hunyunyiziwa mafuta ya nguruwe yaliyokaushwa. Kinachotuokoa ni kibao kinachoandikwa chay. Huo ni upishi wa Kibudha usiotumia nyama wala samaki, na Huế, mji wa mahekalu mengi, unajulikana kwa upishi huo. Siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo watu wengi wa kawaida hula chay, hivyo vibanda ni vingi na wapishi wake ni stadi.

Tulimpata mama mmoja kichochoro cha pili kutoka malazini, ana sufuria nne na viti vifupi vya plastiki. Alikuwa anafunga kibanda, sahani zimebaki chache. Tulipewa wali, tofu iliyokaangwa kwa mchaichai na pilipili, mchuzi wa uyoga, mchicha wa majini uliokaangwa kwa vitunguu saumu, na bakuli la supu ya nanasi na nyanya. Chakula cha Huế kinawasha kweli, na sisi watu wa pwani pilipili haitutishi. Mama alipoona tunaongeza, aliita jirani aje aone. Akatuuliza kwa mkono tunatoka wapi. Baba Nasra akasema Châu Phi, Afrika, kisha Tanzania, akamwonyesha kwenye ramani. Yule mama akagusa ukingo wa mtandio wangu, akaonyesha kwamba umependeza. Watu watakutazama, hilo lijue. Mweusi kule bado ni mgeni wa kuonekana, na watoto watakuita kutoka upande wa pili wa barabara. Mimi hujibu kila salamu, kwa sauti na kwa tabasamu, na karibu kila mara kilichokuwa macho tu kinageuka kuwa mazungumzo.

Kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba na nusu hivi mji unalala. Milango ya chuma inateremshwa nusu, mafundi wanajinyoosha sakafuni, madereva wa xích lô wanalala kwenye viti vya abiria miguu ikining'inia. Mgeni anayetembea saa hizo anapigwa jua la bure na haoni kitu. Tulikaa kwenye bustani ya ukingo wa mto mpaka chumba kilipokuwa tayari.

Tulioga, tukasali. Nyumbani Mtwara kibla chetu ni kaskazini karibu kabisa, maana Maka iko juu yetu moja kwa moja kwenye ramani. Huế unaelekea magharibi, kaskazini kidogo. Hanoi tulikuwa tumesali msikiti wa Al-Noor, mtaa wa Hàng Lược, uliojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi mwishoni mwa karne ya 19, na huko safu ilikuwa imeshanyooshwa na wengine. Hapa ilibidi tupime wenyewe, tukasogeza kitanda, tukakusanya Adhuhuri na Alasiri kwa qasri, yaani kwa kuzifupisha, kama wasafiri. Kila ninapopata kibla cha chumba kipya ninahisi nimeshafika kweli. Kisha tukalala saa moja kamili, simu imetegeshwa. Usingizi wa mchana wa siku ya kwanza usizidi hapo, la sivyo usiku utakesha.

Saa kumi tulitoka kuvuka mto. Daraja la Trường Tiền ni la chuma, lina vipande sita, Wafaransa walilimaliza mwaka 1899, na mwaka 1968 lililipuliwa vitani na kipande kikaanguka majini. Leo lina njia ya waenda kwa miguu pembeni. Lakini kabla ya kulifikia kuna mzunguko wa barabara, na pikipiki zinatiririka bila kukatika. Tulimngoja bibi mmoja aliyebeba mzigo kwa mti begani, kikapu mbele na kikapu nyuma. Aliingia barabarani taratibu, hakuongeza mwendo, hakusita, hakurudi nyuma, na pikipiki zikampisha huku na huku. Tukaingia nyuma yake kwa mwendo uleule. Madereva wanapima mwendo wako na kukupangia njia. Wanachoshindwa kukadiria ni mtu anayesimama ghafla au anayekimbia. Magari makubwa na mabasi ni habari nyingine, hayo yaache yapite.

Upande wa pili, mara tu unapoteremka darajani, ni soko la Đông Ba, ambalo limekuwa pale tangu mwaka 1899. Huko nilikuwa nyumbani. Vibanda vya kofia za majani zenye ncha, mitungi ya kamba waliosagwa na chumvi, vitambaa, mè xửng ambayo ni peremende ya ufuta na karanga, mapapai, dagaa. Wenye vibanda wanaamini mteja wa kwanza wa asubuhi ndiye anayebeba bahati ya siku, hivyo ukienda mapema ukapatana bei kisha ukaondoka bila kununua, unawakwaza. Alasiri hakuna shida hiyo. Bei zinaandikwa kwenye kikokotoo, anaandika yeye, unaandika wewe, mnakwenda hivyo hadi mnakubaliana.

Kwenye kibanda cha karanga na mbegu nikakuta korosho. Zimekaangwa kwa chumvi zikiwa bado na ganda lake jembamba la kahawia, zimejazwa kwenye makopo ya plastiki. Mimi nimekulia kwenye korosho. Shamba la mama liko Newala, na tangu utoto najua msimu wa kuokota, gunia, chama cha ushirika, stakabadhi ghalani, mnada. Korosho zetu nyingi zinaondoka ghafi, na Vietnam ni miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Wao ndio wanaoongoza duniani kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa, na sehemu kubwa ya wanazobangua wanazinunua Kambodia na Afrika. Sikuweza kujua zile za mkononi mwangu zilitoka wapi, na yule dada muuzaji hakujua pia. Lakini nilisimama pale muda mrefu. Ubanguaji ni kazi ambayo wanawake wa Mtwara na Lindi wanaiweza, wanaifanya majumbani kwa mikono na majivu, na thamani ya korosho inaongezeka kwenye hatua hiyo. Nilimwandikia yule dada kwenye programu ya kutafsiri kwamba mama yangu analima hizi. Akaniangalia, akafungua kopo jipya, akanijazia kiganja, akakataa pesa. Nikanunua kopo zima. Nikamwambia Baba Nasra kwamba nikirudi nitakaa na wanawake wa kikundi chetu tuzungumze kuhusu mashine ndogo ya kubangulia, na tangu siku ile nimekuwa nikilifanya hilo.

Kutoka sokoni ni mwendo mfupi hadi kwenye ngome. Wengi wanadhani Huế yote ya kifalme iko nyuma ya tiketi, na hapo ndipo kanuni yetu ilipotulipa. Ukuta wa nje wa ngome una mzunguko wa kilomita kama kumi, ulijengwa kuanzia zama za mfalme Gia Long, aliyeanzisha ukoo wa Nguyễn mwaka 1802, na ndani yake watu wanaishi mpaka leo: nyumba, shule, vibanda vya kahawa, mabwawa ya yungiyungi. Unaingia bure kwa miguu. Kinachotakiwa tiketi ni Đại Nội, mji wa kifalme ulio ndani zaidi. Tulitembea juu ya daraja la handaki la maji, tukapita chini ya lango nene kama nyumba, na upande wa pili watoto walikuwa wanacheza mpira.

Kwenye uwanja ulio mbele ya Ngọ Môn, lango kuu la Đại Nội, Baba Nasra alinieleza, nami nikamwacha afundishe. Upande mmoja ni jukwaa kubwa la mnara wa bendera. Mwaka 1968, wakati wa mashambulizi ya Tết, mwaka mpya wa Kivietinamu, bendera ya wapiganaji wa ukombozi ilipepea pale zaidi ya wiki tatu, huku mji ukipigwa nyumba kwa nyumba, na maelfu ya raia wakafa. Upande wa pili, juu ya Ngọ Môn, ndiko alikosimama mfalme Bảo Đại tarehe 30 Agosti 1945 kuacha ufalme, akakabidhi muhuri na upanga, na siku tatu baadaye Hồ Chí Minh akatangaza uhuru Hanoi. Ameyasema haya darasani mara nyingi. Pale sauti yake ilikuwa ya chini, na alikuwa anaelekeza kwa kidole kitu kilichopo mbele yake. Wazee walikuwa wanarusha tiara uwanjani. Nimeona watu wanaokimbilia vivutio siku ya kwanza wakiwa wamechoka, wanapiga picha na kuondoka. Mume wangu alisimama mahali pale akiwa ameshiba, amelala na amesali, na aliona kila jiwe.

Tulishuka mpaka ukingo wa mto, kwenye Phu Văn Lâu, kibanda cha ghorofa mbili kilichojengwa mwaka 1819. Ndipo yalipokuwa yakibandikwa maagizo ya mfalme na matokeo ya mitihani ya kifalme. Nikatoa noti ya 50,000, tukailinganisha na jengo. Mwalimu alifurahi mno kusikia habari za matokeo ya mitihani.

Kahawa tulikunywa kwenye kibaraza karibu na ukuta. Vietnam ni ya pili duniani kwa uzalishaji wa kahawa baada ya Brazili, nyingi ikiwa robusta, na Huế ndiko ilikoanzia kahawa ya chumvi mwaka 2010: kahawa nzito inadondoka kutoka kwenye kichujio kidogo cha bati juu ya maziwa mazito, na juu yake povu la malai lenye chumvi. Wanaume wazima wamekaa kwenye viti vifupi, wanacheza sataranji ya Kichina, wanabishana, hakuna anayekufukuza ukimaliza kikombe. Ni kijiwe cha kahawa kama cha kwetu, na ukikaa hapo nusu saa unajua mji una haraka kiasi gani. Huế haina haraka.

Giza lilipoingia taa za daraja zikawashwa, zinabadilika rangi, zambarau, kijani, nyekundu. Tukala chè, vitamutamu vya bakuli. Chukua ya mahindi au ya mbegu za yungiyungi, na uulize kabla, kwa sababu ipo moja ya kienyeji yenye nyama ya nguruwe ndani. Saa mbili usiku tukapiga simu nyumbani. Vietnam iko mbele ya Tanzania kwa saa nne, kwa hiyo kwa bibi ilikuwa saa kumi alasiri na Nasra ametoka chuoni. Akataka kuona daraja. Mama akataka kuona korosho, akaziangalia kwenye kioo cha simu kwa makini, akasema zimekaangwa vizuri ila ni ndogo.

Kitandani tukapanga. Kesho asubuhi Đại Nội, lango linapofunguliwa, kabla jua halijawa kali. Mchana tulale kama wenyeji. Alasiri baiskeli za kukodi hadi hekalu la Thiên Mụ kwa kufuata mto, na makaburi ya Minh Mạng na Tự Đức siku inayofuata, kwa gari la pamoja, tukigawana nauli na wageni wengine wa nyumba ile. Baba Nasra aliomba tupande kwanza juu ya Ngọ Môn kabla ya kitu kingine chochote. Nikamwambia kwanza kwa yule mama wa kichochoro cha pili, anafungua saa kumi na mbili.